Tumbo Langu Liliponyamaza

Wewe unayesoma haya huku umekaa upande mmoja, kwa sababu upande wa pili hauwezi kugusa kiti, nimekuandikia wewe. Sina dawa ya kukuuzia. Wala sijapona kabisa: leo asubuhi nimeshindwa kukamua nguo, nikaianika ikitiririka maji, majirani wakacheka. Wacheke. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao sikuwa mtu kati ya watu, nataka kuusimulia jinsi ulivyokuwa, na wale waliopenda ninyamaze wavumilie.

Naitwa Mwavita. Nimezaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, mashariki ya Kongo. Nilisoma sekondari mpaka nikapata diploma, kisha nikaolewa Kasongo mjini, katika familia ya Kiislamu ya zamani, watu wa kanzu safi na salamu ndefu. Mume wangu Saidi anachimba dhahabu Lusangi na hurudi anaporudi. Kwa hiyo, kusema kweli, niliolewa na mama yake. Yeye ndiye niliyeishi naye, nyumba moja, jiko moja. Mtaani wote wanamwita Mama Zaituni.

Mtoto wetu, Rehema, alizaliwa mvua za mwaka zilipoanza. Kuzaa kwenyewe kulikuwa kubaya. Siku ya nne nikawaka homa, nikarudishwa maternite, wodi ya wazazi, nikachomwa sindano za kutosha, homa ikaisha. Zile sindano ziliniokoa, sizikatai. Pale ndipo tungeishia. Lakini Mama Zaituni akaona dawa inafanya kazi, akaamua isiishe nyumbani. Akaenda sokoni kwa yule kijana mwenye sinia la vidonge juani, akanunua ampi, dawa ya kuua vijidudu, zile za rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Nikikohoa, ampi. Jino likinigonga, ampi. Ziwa likijaa, ampi. Nilikuwa nazimeza bila kuuliza, mimi mwenye diploma.

Halafu puari. Huku kwetu hakuna nyumba isiyo nayo: kile kimpira chekundu chenye ncha ndefu, unakibonyeza, kinanyonya maji ya majani, mtu analala ubavu, unamtia kwa nyuma, tumbo linaoshwa. Mwanamke aliyezaa lazima aoshwe ndani. Mtoto naye analazwa mapajani, anaoshwa. Wale wanaojua kazi wanaongeza pilipili kidogo. Sisemi haya kwa dharau. Mama yangu Wamaza alinifanyia hivyo nilipokuwa mdogo, na mama yake alimfanyia yeye. Tofauti ni kwamba Mama Zaituni hakuwa anachoka.

Maumivu yalikuja wakati wa kuvuna mpunga. Yalianza kisiginoni. Nilidhani nimekanyaga kitu. Kesho yake yalikuwa begani, kisigino kizima kabisa. Mchana yakahamia nyongani, jioni kwenye taya. Hakuna uvimbe, hakuna jeraha, hakuna alama. Yalikuwa yanatembea. Mtu akiniuliza wapi, nikaonyesha, akabonyeza, yalikuwa yameshaondoka pale na yananisubiri mahali pengine. Nikaanza kuamini kwamba yananisikia nikizungumza. Nikaacha kuyataja kwa sauti. Nilikuwa naonyesha kwa kidevu, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mwizi aliyesimama karibu.

Mama Zaituni hakuwa na subira na jambo hilo.

"Mama Rehema, leo inauma wapi?"

"Pote."

"Pote haiko pahali. Sema pahali."

"Mama, hata nywele."

"Nywele!" Akamgeukia jirani yetu, Mama Sofi, aliyekuwa anapepeta mchele uani. "Unasikia huyu mutoto wa batu? Nywele inamuuma."

"Basi anyolewe," Mama Sofi akasema, na wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, na kucheka kukaniuma mbavu.

Kisha mwili ukaanza kubadilika. Nilikuwa nalala na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Maneno yalikuwa yananitoka kichwani. Nilisimama jikoni nikiwa na kitu mkononi bila kujua kinaitwaje, na kilikuwa kijiko. Tumbo likavimba likawa gumu, likakaa hivyo siku tatu, kisha likafunguka kwa nguvu, kisha likafunga tena. Ulimi ukawa mweupe. Ngozi ikachukia nguo. Na Rehema, ambaye miezi ile alikuwa amejifunza kurusha miguu kwa furaha, akinigonga paja kwa kisigino kile kidogo, nilikuwa napiga kelele. Mara ya tatu, ya nne, akaelewa. Akawa akiwekwa karibu yangu anatulia tuli, harushi miguu, hanyooshi mkono, ananitazama tu. Mtoto wa miezi mitano anayejizuia. Hilo silisahau.

Siku moja Mama Zaituni akanilaza kwenye mkeka, akaweka sikio lake tumboni mwangu. Akakaa hivyo muda mrefu, macho amefumba. Tumbo likanguruma.

"Unasikia?" akasema bila kuinuka. "Iko nasema."

"Ni njaa, Mama."

"Hapana njaa. Kuko kitu mule. Iliingia siku ulizala, mwanamuke akizala anakuwa wazi. Tutaitosha."

Basi tukaanza kuitoa. Puari kila siku ya pili. Kisha kila asubuhi, kabla ya chai. Majani yalikuwa yanabadilika: machungu, ya kuchoma, mengine sikuyajua na yeye hakusema jina. Baada yake, vidonge vya rangi mbili, ili kuua kilichobaki. Nilikubali. Naandika hilo pia: hakuna aliyenifunga kamba. Nilikuwa nataka kitoke kuliko yeye.

Na kadiri tulivyosafisha, ndivyo maumivu yalivyoongezeka. Na kadiri yalivyoongezeka, ndivyo tulivyosafisha.

Asubuhi moja niliamka na kitu hakipo. Nilikaa mkekani nikitafuta ni nini. Nje kuku wanaparua, Mama Sofi anafagia, kila kitu mahali pake. Kisha nikajua: ni tumbo. Halikuwa na sauti. Tumbo la mtu, hata asiposikiliza, lina minong'ono yake, linajisogeza, linalalamika. Langu lilikuwa kimya. Nikaweka mkono. Kimya. Nikanywa maji, nikasubiri yalie yakishuka. Hayakulia.

Kimya kile nilikuwa nakijua. Nilipokuwa na miaka saba hivi, vita vilitukimbiza kutoka Wamaza, kijiji kizima, tukakaa porini na baadaye kwa watu. Tuliporudi, majani yalikuwa yamefika kizingitini. Hakuna jogoo, hakuna mbuzi, hakuna moshi. Lakini kwenye mafiga yetu kulikuwa na majivu mapya. Mama yangu aliinama akayagusa, akaondoa mkono haraka: yalikuwa bado na moto. Mtu alikuwa amepika pale saa ile ile, kwenye jiko letu, na hakuna aliyemwona. Mama hakupikia pale tena mpaka alipotafuta mawe mengine.

Nilipoweka mkono tumboni asubuhi ile nilisikia kitu hicho hicho. Wenyewe wameondoka. Na kuna wengine wanatembea ndani, wasiosema.

Nilikwenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi wa kungojea tangu jua halijapanda ukuta mpaka lilipoushuka. Wewe unayeumwa hivi unajua benchi ni nini: ubao usio na huruma, na huwezi kusimama kwa sababu atakuja mwingine akae. Mwanamke mmoja nisiyemjua, mwenye mtoto wa surua, aliniona ninavyobadilisha upande. Hakuniuliza kitu. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakisukuma chini ya paja langu, akaendelea kumpepea mwanawe. Mchana wote alikaa kichwa wazi mbele za watu. Sikujua jina lake. Mungu analijua.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo wangu. Damu nzuri, mkojo mzuri, malaria hakuna.

"Madame, examen zote ziko muzuri. Hii iko mu kichwa."

"Docteur," nikasema, "kichwa ni pahali pamoja tu haiko naniuma leo."

Mlango ulikuwa wazi na benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akaandika paracetamol, na chini yake, kwa mwandiko mzuri, ampi.

Nadhani mpaka hapo mtaani walikuwa wameshaamua. Mama Sofi akaacha kuja kupepetea mchele kwetu. Nikisalimia, watu wanaitikia wakiwa wanatembea. Mwanamke anayeumwa bila ugonjwa, ama analiwa na mchawi, ama yeye ndiye anayekula, na hakuna anayetaka kukaa karibu mpaka ijulikane ni lipi. Saidi akarudi kutoka Lusangi, na vumbi jekundu kwenye kope, akakaa mbali nami kidogo hata yeye.

"Mwavita, batu banasema..."

"Batu nani?"

"Batu."

"Batu bako na majina. Taja moja."

Akatazama simu yake, na siku hiyo hakukuwa na reseau, mtandao wa simu.

Mvua zilipokwisha, kiangazi kikiingia, Mama Zaituni akafunga mzigo. Nilikuwa nimelala ukutani kwenye kivuli. Nikamwona anaweka nguo za Rehema kwenye kikapu, zile ndogo, na kijiko chake.

"Munaenda wapi?"

"Nyangwe, kwa dada yangu. Kule kuko mto, kuko hewa. Maziwa yako iko na ile kitu, Mama Rehema. Mutoto hawezi kukunywa."

"Mama, ni mutoto wangu."

"Ukipona, utamupata."

"Na nisipopona?"

Akamnyanyua Rehema, pikipiki ilikuwa inangoja barabarani, inanguruma. Niliinuka. Nilipiga hatua mbili na goti likakataa, nikaanguka uani kama gunia. Saidi alisimama pale, mikono inaning'inia. Na Rehema hakulia. Alinitazama juu ya bega la bibi yake kwa utulivu ule ule niliomfundisha kwa kelele zangu, mpaka vumbi likamfunika.

Maziwa yalinijaa siku tisa. Nilikuwa nayakamulia ardhini. Mchanga ulikuwa unayanywa na kuacha duara jeupe, na mimi nakaa natazama duara lile mpaka likauke. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na hasira ile ndiyo iliyonipakia pikipiki kurudi Wamaza kwa mama yangu. Nilikalia kipande cha godoro, tena juu yake kitenge, tena juu yake kitenge.

"Mama, uko nabeba mayai?" dereva akauliza.

"Nabeba mifupa. Pita taratibu."

Alipita taratibu. Kwenye kila shimo alikuwa ananiambia mapema, "Shimo, mama," nami najikaza. Mashimo ya njia ile si ya kuhesabu, na hakuacha kusema hata moja.

Kwenye kituo chetu cha afya Wamaza kuna muuguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, tunamwita Mama Titulaire. Nilimngoja kwenye gogo nje, pamoja na kina mama wa chanjo. Aliponiingiza hakuniuliza inauma wapi. Aliuliza nimemeza nini. Nikamwambia ampi, akaandika. Ngapi? Nikaanza kuhesabu miezi. Puari mara ngapi? Nikahesabu. Nilipofika siku za kila asubuhi, aliweka kalamu chini.

"Mwanangu," akasema, "mu tumbo yako kuko vitu vizima, viko na uhai."

Nywele zikanisimama. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile kumkimbia mtu aliyeniambia maneno hayo hayo.

"Na weye unasema vile? Mama mukwe wangu alisema. Alisikiliza na sikio."

"Alisikia kweli. Kila mutu iko navyo. Miye niko navyo. Vidogo sana, jicho haivione, vingi hauwezi kuhesabu. Vinatusaidia kukula, vinalinda mwili. Mama mukwe alikosa kitu moja tu. Alizani ni bageni. Ni benyewe. Mulifukuza benyewe."

Nikamwambia habari ya kijiji chetu, ya majivu ya moto. Na yeye alikimbia mwaka ule, alijua.

"Ni vile vile," akasema. "Benyewe bakienda, nyumba haibakie bule, bengine banaingia."

"Basi ndiyo iliniletea maumivu?"

Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya bluzi. "Sitakudanganya. Benye elimu kubwa bangali banatafuta. Batu benye maumivu ya mwili muzima sawa yako, bakiangalia tumbo yabo, banakuta bale ba ndani hawako sawa na ba batu bengine. Kama ile ndiyo inaleta maumivu, ao maumivu ndiyo inaleta ile, haiyajulikana muzuri. Miye najua tu hii: ulipiga bale benyewe na fimbo kila asubuhi. Tuache fimbo kwanza. Halafu tutaona."

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia tangu mavuno: "Unaumwa. Hauko mulozi, hauko mwenye kuongopa. Unaumwa." Nililia mpaka kina mama wa chanjo wakachungulia.

Masharti yake yalikuwa ya kawaida mpaka nikaona aibu nimekuja mbali hivyo. Puari, basi. Kidonge cha kuua vijidudu, nisimeze mpaka yeye mwenyewe aseme, na akisema, nimeze mpaka mwisho. Kunde, sombe la majani ya muhogo, mapapai, matunda yoyote ya msimu, chikwange ya muhogo uliolowekwa vizuri ukachacha. Kulala saa ile ile kila usiku. Na kila asubuhi nitembee, hata kama ni mpaka kwenye mti wa kwanza tu, na kesho mti wa pili.

Mama yangu alikubali kwa mdomo. Wiki ya pili nikakuta kimpira chekundu ndani ya kikapu cha mpunga.

"Mama, hii ni nini?"

"Ya kumwangilia tomati."

"Tomati gani? Hatuna tomati."

"Nitapanda."

Nikakitoboa kwa kisu mbele yake. Hakunisemesha siku mbili, kisha akapanda nyanya kweli, ili aonekane hakuongopa.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko yote, na hili nakuambia wewe ili usikate tamaa nao. Tumbo lilikuwa kama limezikwa. Nilikuwa nafika mti wa kwanza natambaa. Kiangazi chote mashamba yanachomwa, majivu meusi yanaelea hewani bila upepo, yanatua kwenye mikono yangu, nami nahisi uzito wa kila moja. Kulikuwa na siku nilipomsikia Rehema akilia nyuma ya nyumba, wazi kabisa, nikazunguka, na hakuna mtu, wala mbuzi. Mama naye alisema hajasikia. Lakini alikuwa ameacha kutwanga.

Kisha, mchana mmoja, tulikuwa tunabambua karanga, mimi na Mama, tumbo langu likatoa sauti. Refu, inayoshuka, kama mtu anayesogeza kiti chumba cha pili. Tukaacha mikono hewani sote wawili. Likatoa nyingine. Mama akaninyooshea kidole kama nimefanya utundu.

"Banarudi," akanong'ona. "Benyewe."

Nisikudanganye: maumivu hayakuondoka. Lakini yakaanza kuwa na saa zake. Yanakuja, yanakaa, yanaaga. Ulimi ukarudi rangi. Watu walipoanza kupanda mpunga, nilikuwa naleta beseni dogo la maji kutoka kisimani, kwa mkono mmoja kisha mwingine. Nilijipa muda: mpunga ukifika magotini, nitakwenda Nyangwe kumchukua mwanangu.

Sikungoja mpunga ufike huko. Siku ya soko akaja mwanamke muuza samaki wakavu kutoka Nyangwe. Aliposikia mimi ni nani, akaacha kupanga samaki.

"Weye ndiye mama ya ule mutoto wa kimya?"

"Mutoto wa kimya?"

"Ule iko kwa Mama Zaituni. Halie, hacheke. Banamupiga puari kila asubuhi, mama. Nyanya yake anasema ile kitu ya mama yake imeingia mu mutoto. Amekonda, tumbo tu ndiyo kubwa."

Sikumaliza soko. Mama Titulaire alinikuta nafunga mzigo, akasema barabara itanivunja. Nikamwambia inivunje. Akaniandikia karatasi ya mambo ya kumfanyia mtoto, maji ya chumvi na sukari, chakula gani kwanza, na kituo gani cha kupita naye nikiwa njiani. Kasongo nilipita bila kushuka nyumbani. Pale palikuwa na reseau, nikampigia Saidi.

"Naenda kukamata mutoto wangu. Ukitaka kunizuia, njoo Nyangwe."

"Mwavita, mama atakasirika."

Nilikata simu nikicheka, dereva akageuka kuniangalia kama nina wazimu. Siku mbili njiani nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia yule mwanamke. Nilikuwa nayo mengi. Nilitaka pia kumpiga, na kwenye kila shimo nilikuwa nampiga.

Nyangwe nilifika saa ya asubuhi, mitumbwi inashusha samaki, ukungu bado juu ya mto hata ng'ambo haionekani. Ua wa dada yake ulikuwa nyuma ya chanja za kukaushia. Mama Zaituni alikuwa amekaa kigodani, Rehema mgongoni kwake, na mbele yake chungu cha majani motoni. Kimpira kilikuwa kwenye kifuniko, kimeoshwa, kinangoja.

Rehema alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Shingo imekuwa nyembamba. Hakuogopa, hakufurahi. Nilisema jina lake na hakuna kilichosogea usoni.

"Mama Rehema," Mama Zaituni akasema. "Umetembea."

Akataka kuinuka. Akaweka mkono mmoja gotini, akangoja. Akaweka wa pili. Akajikunja, akatafuta ukuta kwa vidole, akashusha pumzi, ndipo akanyanyuka, bega moja kwanza, taratibu, taya amelikaza ili uso usiseme kitu. Maneno yangu yote ya siku mbili yakanitoka. Hakuna anayeinuka hivyo ila mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nimeishi naye nyumba moja na sikuwahi kumwona akiinuka, kwa sababu siku zote alikuwa amesimama kabla sijaamka.

"Tangu lini?" nikauliza.

Aliangalia chungu. "Tangu nilizala Saidi."

"Na puari?"

"Kila siku. Inatoka, inarudi. Ninaitosha, inarudi." Akapangusa uso kwa ukingo wa kitenge. "Ulipoingia mu nyumba, ikanipunguzia. Kisha nikaona iko nakutembea weye, sawasawa vile inanitembeaka. Nikajua imetoka kwangu. Nikaleta mutoto huku, isimurukie. Halafu nikafikiri: kumbe miye ndiye niko nayo, na niko namubeba. Ndiyo naosha. Kabla haijaota mizizi."

Nilimimina chungu chini. Majani yalitoa mvuke, kuku wakakimbia. Nikamwambia yote aliyosema Mama Titulaire, kwa sauti kubwa, sikuchagua maneno, dada yake akatoka mlangoni kusikiliza. Kwamba alisikia kweli. Kwamba walikuwa wenyewe.

"Miaka yote ile?" akauliza.

"Miaka yote."

Sikumsamehe, na hata leo sijui kama nimeshamsamehe. Nilimwambia akifika Kasongo nitakwenda naye kwa muuguzi, na mpaka siku hiyo asijitie puari. Kisha nikasema:

"Fungua kitenge."

"Usimupatie," dada yake akasema. "Angalia vile anasimama. Atamuangusha."

"Nyamaza," Mama Zaituni akamjibu. Akafungua. Nikainama, mikono magotini, mgongo wangu nikauweka kama meza, akanilaza Rehema juu yake. Alikuwa mwepesi vibaya sana. Kisha uzito ule mdogo ukashuka, ukanifika kwenye mifupa, na kila kitu nilichokuwa nacho kikawaka kuanzia shingo mpaka visigino. Mama Zaituni akapitisha kitenge chini ya makwapa yangu, akakileta mbele, akakutana na uso wangu.

"Utaweza?"

"Funga."

Akafunga. Fundo likakaa juu ya ziwa. Nyuma yangu kitu kidogo kikajaribu, mara moja, kunipiga mbavuni kwa kisigino. Kikasubiri kelele. Sikupiga kelele. Kikanipiga tena.

"Inauma?" akauliza Mama Zaituni.

"Inauma."

"Nilegeze?"

"Kaza."